Sentensi Niliyoimeza

Ndugu msomaji, nina deni. Si la fedha. La fedha ningekopa kwingine nikalipa, kama tufanyavyo wengi hapa mjini. Hili ni deni la sentensi moja. Daktari aliitamka mbele yangu, nami nilitakiwa niifikishe sikioni mwa babu yangu, umbali usiozidi hatua mbili. Haikufika. Niliimeza njiani.

Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kumdhulumu mwenziwe kwa jambo ambalo halikumdhuru? Nimelipeleka swali hili kijiweni kwetu, na jibu la wenzangu lilikuwa fupi: “Mzee si mzima? Basi yamekwisha, bwana.” Mimi nasema hayajaisha. Naomba unisikilize kwanza, ndipo uhukumu.

Babu yangu ni mtu wa Ngujini, Upare wa Kaskazini, wilaya ya Mwanga, ambayo zamani pamoja na Same ilikuwa wilaya moja ya Pare. Ukitoka Mwanga mjini unaanza kupanda, na ukifika kwetu unaelewa kwa nini Mpare hana haraka ya maneno: pumzi anaitunzia mlima. Babu aliupanda na kuuteremka mlima ule miaka yote kwenda shambani, na zamu yake ya maji ilipofika aliamka alfajiri kwenda kwenye ndiva. Kama hujui ndiva, ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mifereji hadi kwenye mashamba, kila mtu na zamu yake.

Mwaka 2019 babu alianza kusimama njiani. Anapanda hatua ishirini, anasimama, mkono kifuani, anajifanya anatazama migomba. Bibi ndiye aliyegundua, kwa sababu migomba yenyewe ilikuwa ileile ya siku zote. Tukaenda zahanati, tukaenda Moshi, na mwisho tukajikuta katika hospitali moja kubwa ya mjini. Sitaitaja jina, kwa sababu kosa si lake, ni langu. Wakasema mishipa inayoulisha moyo huenda imeziba, na njia ya kujua kwa hakika ni kuipiga picha kwa ndani.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa msafara. Babu anajua Kiswahili, tena cha kumshinda mjukuu wake, lakini masikio yake yamechoka. Daktari alikuwa akizungumza upesi, akichanganya Kiswahili na Kiingereza, na fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Kwa hiyo utaratibu ukawa hivi: daktari anasema, mimi namwinamia babu na kumrudia kwa Kipare, karibu na sikio la kulia, ambalo lina nafuu.

Daktari alikuwa muungwana. Alieleza yote. Alisema mrija mwembamba utapitishwa kwenye mshipa wa mkononi, usukumwe mpaka kwenye midomo ya mishipa ya moyo. Eksirei peke yake haiwezi kuitenga damu na nyama, kwa hiyo watapuliza dawa yenye iodini, yaleyale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya kupikia. Dawa hiyo huzuia miali ya eksirei, na kwa sekunde chache mishipa huonekana kama mizizi ya mti iliyong’olewa. Penye kizibo, mzizi huonekana umekatika. Atasikia joto mwilini, likapita.

Kisha akasema ile sentensi. “Mwambie pia kuna hatari ndogo. Damu inaweza kuganda kwenye mrija au ikikutana na dawa, bonge likaenda kwenye moyo au kwenye ubongo. Kifo au kiharusi ni kama mtu mmoja kati ya elfu moja. Tutampa dawa ya kuzuia damu isigande, lakini lazima ajue.”

Nikainama. Nikamwambia babu habari za mrija, nikamwambia habari za joto. Nikanyamaza.

Babu akaniuliza, “Ni hayo tu?”

Nikamjibu, “Ni hayo tu, babu.”

Akaomba kalamu. Alisoma mpaka darasa la nne, na sahihi yake ni jina lake lote, herufi kwa herufi, kama mtu anayepanda maharage. Daktari akaitazama sahihi, akanitazama mimi, akaridhika. Kesho yake picha ikapigwa. Damu haikuganda. Mshipa mmoja ulikutwa umebana, akapewa tiba, na baada ya wiki chache alikuwa Ngujini anakula makande.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe. Nitajitetea kwanza, maana hata mwizi hupewa nafasi.

Utetezi wa kwanza: mimi sikusema uongo, nilinyamaza tu. Utetezi huu ulinitosha kwa muda, mpaka nilipoanza kusoma habari za dawa ile ya picha. Nikakuta kumbe madaktari wenyewe walikwisha kubishana juu ya jambo linalofanana na langu.

Sikiliza. Dawa za zamani za kupigia picha mishipa zilikuwa kali mno. Ukali wa chumvi yake ulizidi ule wa damu zaidi ya mara tano. Mgonjwa alihisi anaungua, wengine wakatapika mezani. Huko Sweden, katika mji wa Malmö, alikuwapo daktari wa picha aitwaye Torsten Almén. Aliyejua maji ya pwani za kwao alijua kwamba bahari yenye chumvi nyingi huwasha macho, lakini maji ya Baltiki, ambayo chumvi yake ni kidogo, hayawashi. Akajiuliza: kwa nini tusitengeneze dawa ambayo mishipa itaipokea kama macho yanavyoyapokea maji ya Baltiki? Mwaka 1969 alichapisha wazo lake, kampuni ya Nyegaard ya Norwei ikalifanyia kazi, na kufikia miaka ya 1980 kizazi kipya cha dawa kilikuwa kinaenea. Ukali ukashuka hata chini ya nusu. Wagonjwa wakapumua.

Lakini dawa kali ya zamani ilikuwa na wema mmoja ambao watu hawakuuthamini sana: ilizuia damu kuganda. Mwaka 1987, katika jarida la Radiology, daktari Robertson aliandika kwamba ameona mabonge ya damu ndani ya mabomba ya sindano yenye dawa mpya. Mjadala ukawaka. Je, dawa mpya inagandisha damu? Au haigandishi, ila haizuii kama ile ya zamani? Vipimo vya maabara vikaelekeza kwenye jibu la pili: zote mbili huzuia, ila ile ya upole huzuia kidogo zaidi.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu. Maana ni utetezi wangu mtupu! Mimi sikumdanganya babu, sikumzuilia tu upofu. Nikajiuliza, bonge likishafika kwenye ubongo wa mtu, tofauti ya “nimegandisha” na “sikuzuia” inamsaidia nani? Inamsaidia mtaalamu ajue la kurekebisha. Aliyelala kitandani haimsaidii. Na aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia, kisha asizuie, hana pa kujificha. Bomba la sindano halikuapa kitu. Mimi nilikuwa nimekubali kuwa mdomo wa daktari na sikio la babu. Nilipomjibu “ni hayo tu” nilikuwa nimekwisha kutoka kwenye kunyamaza, nimeingia kwenye uongo mzimamzima.

Utetezi wa pili ndio ule wa kijiweni: hakudhurika. Kwa huu nitakupeleka kwenye ndiva. Tuseme leo ni zamu ya jirani yako. Wewe unaamka usiku, unafungua maji, unayaelekeza kwako. Kabla hajajua, mvua inanyesha, shamba lake linalowa kuliko ambavyo ndiva ingelilowesha. Hakupungukiwa hata tone. Je, hukuiba? Mtu yeyote wa milimani atakuambia umeiba. Mvua imeficha hasara tu, haikukupa haki. Mimi nami nilinyeshewa na mvua. Watu mia tisa tisini na tisa kati ya elfu hunyeshewa na mvua hiyo, na kila mmoja wao, kama hakuambiwa, ameibiwa zamu yake.

Utetezi wa tatu ni mzito, na siupuuzi. Ni wa mila. Wataniambia: “Wewe kijana umesoma mambo ya Wazungu. Kwetu mgonjwa si mtu mmoja. Mgonjwa ni ukoo. Mzee hapelekewi habari za kifo akiwa kitandani, wanae ndio wanaozibeba.” Kweli kabisa. Nimeona wakubwa wakizuia habari mbaya mlangoni kama watu wanaozuia moshi, na walifanya hivyo kwa mapenzi.

Lakini tazama jinsi nilivyoitumia mila hiyo. Ukoo haukuketi. Mama yangu hakuulizwa, bibi hakuulizwa, wajomba walikuwa nyumbani wanasubiri simu. Aliyekata shauri ni kijana mmoja wa miaka ishirini na minne, kwa nukta tatu, akiwa ameinama. Hiyo si mila, ni woga uliovaa kanzu ya mila. Kwetu, ukiitwa msaragambo wa kusafisha mfereji, unaambiwa kwanza ni mfereji upi, ndipo unachukua jembe. Mtu haitwi gizani. Na heshima kwa mzee tangu lini ikawa mjukuu kumchagulia babu maneno ya kusikia? Babu ndiye aliyekuwa akinichagulia mimi, nilipokuwa na miaka mitano.

Utetezi wa nne ndio unaoniumiza. Labda angekataa. Labda ningemwambia “mmoja kati ya elfu”, naye angejiona ndiye huyo mmoja, akavaa koti lake, akasema turudi Ngujini. Kizibo kingebaki, na siku moja angesimama njiani kutazama migomba asiondoke tena. Hapo ukweli wangu ungemuua. Ndugu msomaji, kwa hili sina jibu tamu. Inawezekana. Ninachoweza kusema ni kwamba kama angekataa, ningekuwa na kazi ya kumbembeleza, kumweleza kwamba hatari ya kukaa na kizibo ni kubwa kuliko hatari ya picha, kumwita daktari arudie, kumpigia mama simu. Kazi hiyo ndiyo niliyoikwepa. Sikumkinga babu na hofu. Nilijikinga mimi na mazungumzo magumu.

Na kuna kitu kingine nilichomnyang’anya. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, ukaenda mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei kupigwa picha. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wapo wanaomwita mwendawazimu, wapo wanaomwita shujaa. Lakini hata wanaomwita shujaa wana sababu moja tu: alijua anachokiendea. Ushujaa unahitaji habari. Babu yangu aliingia chumba kile akitabasamu, na wauguzi wakamsifu kwa utulivu wake. Masikini babu! Alisifiwa kwa kitu ambacho mjukuu wake hakumruhusu kuwa nacho.

Basi bwana, mwaka uliofuata nilipanda Ngujini. Nilikwenda na sukari, majani ya chai na sentensi yangu. Jioni, bibi akiwa jikoni, nikamwambia babu yote. Nikamrudishia maneno ya daktari kama yalivyokuwa, kwenye sikio lilelile la kulia. Nilitegemea mawili: atacheka aseme yamepita, au atakasirika.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyamaza sana, kisha akauliza, “Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa utaogopa, babu.”

“Ningeogopa,” akasema. “Sasa?”

Nikakosa la kusema.

“Usiku ule nililala usingizi wa kitoto,” akaendelea. “Sikupaswa kulala. Nilikuwa na kazi.”

Asubuhi akanichukua mpaka shamba lililo chini ya mfereji. Tulitembea polepole, lakini hakusimama kutazama migomba. Akanionyesha kipande cha upande wa juu, hatua kama kumi na tano kwa upana, penye maharage yetu miaka yote. Akaniambia kipande kile si chetu. Baba wa jirani yetu alimpa alime tu, walipokuwa vijana wote wawili, bila karatasi, bila shahidi. Yule mzee alikwisha kufa. Watoto wake hawajui. Watoto wa babu nao hawajui. Anayejua ni yeye peke yake, na alikuwa akingoja siku nzuri ya kusema.

Niliduwaa. Laiti bonge la damu lingeganda siku ile, ukweli wa shamba ungekwenda nalo. Sisi tungeendelea kulima cha watu tukiapa ni cha kwetu, na siku moja tungepelekana baraza la ardhi na majirani tuliokula nao, kila upande ukiwa na hakika yake. Sentensi yangu moja ingemeza na ya babu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Siku zote nilidhani mgonjwa huambiwa hatari ili achague kukubali au kukataa. Fomu ya ridhaa nayo inafikiri hivyo: sahihi hapa, ndiyo au hapana. Na kwa kuwa nilijua jibu ninalolitaka, niliona swali halina haja. Kumbe habari ya hatari ina kazi nyingine, pengine kubwa zaidi. Humpa mtu usiku mmoja wa kupanga mambo yake. Babu huenda angesema ndiyo vilevile. Lakini kabla ya ndiyo ile angeomba simu, angemwita mama, angesema kuhusu hatua kumi na tano za shamba. Nilimnyima usiku ule nikidhani nampa usingizi.

Rudi kidogo kwa wale madaktari wa 1987. Walipoambiwa dawa ya upole haizuii damu kama ile ya ukali, hawakuitupa. Wagonjwa wasingerudishwa kuungua. Walichobadilisha ni mikono yao: kuosha mirija mara kwa mara, kutumia heparini ya kuzuia kuganda, kutoiacha damu isimame pamoja na dawa ndani ya bomba la sindano. Mpaka leo, maelezo ya dawa za kundi hilo huonya juu ya jambo hilo. Waliambiwa hatari, wakajiandaa, wakaendelea na kazi. Kama Robertson angeyameza aliyoyaona, akisema kimoyomoyo kwamba wenzake wataogopa bure, maandalizi yale yangengoja mtu mwingine wa kusema. Basi kwa nini daktari astahili kuambiwa ili aiandae mikono yake, na mzee wa Ngujini asistahili kuambiwa ili aiandae nyumba yake?

Wewe unayesoma ukurasa huu labda unataka kuwa mwandishi, kama mimi. Sisi kazi yetu ni kuchukua maneno ya huku na kuyapeleka kule, na kila siku tunakata. Tunakata ili habari ipendeze, ili msomaji asichoke, ili mama asilie. Mimi sisemi tusikate. Nasema tu, kabla ya kuimeza sentensi, tujiulize ni ya nani. Ile haikuwa yangu. Nilikuwa mchukuzi tu, nikafungua mzigo wa mwenyewe njiani nikala.

Jumapili ile tulikwenda kwa jirani, babu, mama na mimi. Nilibeba daftari. Babu akasema maneno yake yote, nami nikaandika kama alivyosema, nikamsomea sikioni kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika mwisho akaniuliza, “Ni hayo tu?”

Nikapitia ukurasa tena kabla ya kumjibu.